Muulize Mfamasia: Dawa inatokea wapi, na ya mwanangu itakuja lini?

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu ile tiba mpya ya selimundu ya kuhariri vinasaba, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata kwa bei ya dola milioni 2.2 mgonjwa mmoja, nikajua imeisha hiyo. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia kuanzia Himo mpaka Ngaramtoni, na wengi bado mnaniita dokta wakati nimeshasema mimi sio daktari, mimi ni mfamasia, nakaa kaunta yangu hapa Moshi nasoma miandiko ya madaktari. Basi mwezi huu safu nzima ni habari hiyo hiyo moja. Naanza na barua ndefu kuliko zote maana niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, ya tatu nikavuta kiti.

SWALI: Shikamoo dokta. Nina mtoto wa kiume ana miaka 6. Alichelewa kutembea, baadae akatembea lakini anaanguka hovyo, ngazi hawezi, na akiwa chini akitaka kuinuka anajishika magoti halafu mapaja kama vile anajipanda mwenyewe. Vigimbi vimejaa kama vya mcheza mpira, kila mtu anasema huyu ana nguvu. Tumezunguka sana, kwanza tuliambiwa ini maana vipimo vya ini vilikuwa juu, akanywa dawa za ini miezi mingi, mwisho hospitali nyingine wakasema ni ugonjwa wa misuli unaitwa Duchenne na hauna dawa. Kwenye simu naona Marekani kuna sindano ya mabilioni. Mbona wanasema hauna dawa na sindano ipo? Na kwa nini magonjwa kama haya hayatengenezewi dawa? – Mama wa watoto watatu, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mama, na pole sana, hiyo miezi ya kuzunguka peke yake ni ugonjwa mwingine.

Nianze na hilo la ini kwa sababu kuna mama mwingine anasoma hapa na yuko njia hiyo hiyo. Vile vimeng'enya vinavyopimwa kujua kama ini limeumia, ALT na AST, vinakaa pia ndani ya msuli. Msuli ukiwa unavunjika vinamwagikia kwenye damu, karatasi ya maabara inarudi ina vimishale vinavyoangalia juu, na mtu mwenye haraka anaona ini. Kipimo kinachomaliza ubishi kinaitwa CK, na kwa mtoto mwenye Duchenne hakipandi kidogo, kinaenda maelfu. Mtoto wa kiume anayeanguka hovyo, vigimbi vimejaa, anajipanda mapaja akiinuka, huyo aanze kupimwa CK kabla hajaandikiwa kidonge chochote cha ini.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kwenye msuli kuna protini inaitwa distrofini, kazi yake ni kama shokapu, msuli ukikaza na kulegea yenyewe inapokea mtikisiko. Mwanao kinasaba cha kutengeneza shokapu hiyo kina hitilafu, kwa hiyo kila akikimbia misuli inachanika kidogo kidogo na mwili unashindwa kuziba. Kinasaba hicho ndicho kirefu kuliko vyote alivyonavyo binadamu, na watafiti wa Boston walikipata katikati ya miaka ya 1980. Kiko kwenye kromosomu ya X, ambayo mvulana anayo moja tu, ndio maana wanaougua ni karibu wote wavulana, kama mmoja kwenye kila wavulana 5,000 hivi. Na sikia mama, karibu theluthi moja ya watoto hawa hitilafu imeanza kwao wenyewe, mama hana. Hata kama unayo hukuinunua dukani, kwa hiyo shangazi akianza maneno ya ukoo wenu una nini, mpe chai anyamaze.

"Hauna dawa" ya daktari maana yake ni hauna dawa ya kuponya. Wewe umesikia hauna kitu. Hizi ni sentensi mbili tofauti kabisa na inaniuma jinsi tunavyozitamka kama moja. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti ulioonyesha prednisoni, pacha wa ile prednisoloni, steroidi ya zamani ya bei ya karanga ambayo iko kwenye kila famasi kuanzia Mbuyuni mpaka Kiboriloni, inawapa watoto hawa nguvu zaidi ya misuli, na tafiti zilizofuata zikaonyesha wanaoitumia wanatembea miaka miwili mpaka mitatu zaidi ya wasioitumia. Miaka miwili ya mtoto kutembea mwenyewe kwenda shule sio kitu kidogo. LAKINI tafadhali usitoke hapo ukaenda kununua. Dozi inapigwa kwa kilo, inanenepesha, inadumaza kimo, inalainisha mifupa, inapandisha sukari, na ukishaizoesha mwili ukaikata ghafla unaweza kumpoteza mtoto. Rudi kliniki ya watoto ukawaulize mambo matatu tu, steroidi, kipimo cha moyo (moyo nao ni msuli), na fiziotherapia. Na siku yoyote akitakiwa kufanyiwa upasuaji, hata wa jino, mwambie daktari wa nusukaputi jina la ugonjwa KABLA, maana baadhi ya dawa zao za kulaza zinaweza kumsimamisha moyo mtoto wa Duchenne.

Sindano ya mabilioni ni kweli ipo. Iliidhinishwa Marekani Juni 2023, dola milioni 3.2, zaidi ya shilingi bilioni 7 za kwetu. Inabeba kipande kifupi cha kinasaba hicho ndani ya kirusi kilichofugwa, kwa sababu kinasaba kizima hakitoshi kwenye mkoba wa kirusi. Ila usifikirie wenzetu wote wamepona. Utafiti mkubwa uliotoa majibu Oktoba mwaka huo huo haukufikia lengo lake kuu, na mwaka 2025 vijana wawili waliokuwa wameshaacha kutembea walikufa kwa ini kushindwa kazi baada ya kuchomwa. Kwa hiyo ukilala usilie kwamba mwanao amekosa uponyaji kwa sababu ya hela, uponyaji wenyewe bado haujafika hata kwa wenye hela.

Kwa nini hazitengenezwi? Hesabu. Kuifikisha dawa moja sokoni wakadiriaji wengi wanataja kuanzia dola bilioni moja kwenda juu, humo ndani wakihesabu na zile zilizofia njiani, na kati ya dawa 10 zinazofika hatua ya kujaribiwa kwa binadamu inapona kama moja tu. Kampuni inauliza wagonjwa wako wangapi, ikisikia wachache inafunga daftari. Dawa za namna hiyo Wamarekani waliziita dawa yatima. Kuna mama kule anaitwa Abbey Meyers, mwanae alikuwa na Tourette, ule ugonjwa wa kurukaruka misuli na kutoa sauti bila kupenda, mtoto akapewa dawa ya majaribio ikamsaidia, kampuni ikaacha kuiendeleza kwa sababu soko dogo. Yule mama hakukubali, akakusanya wazazi wa magonjwa mengine ambayo hata hayafanani, wakapiga kelele mpaka mwaka 1983 ikapitishwa sheria, mwaka uliofuata ikarekebishwa kwamba ugonjwa wenye wagonjwa chini ya 200,000 nchini humo unahesabika nadra, na anayeutengenezea dawa anapewa nafuu ya kodi na miaka 7 ya kuuza bila mshindani. Miaka kumi kabla ya sheria hiyo dawa za namna hii zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, sasa ni mamia. Hata hivyo ukihesabu magonjwa nadra yote duniani yanazidi 7,000 na kama 95 kwa mia bado hayana dawa iliyoidhinishwa.

Sheria nzuri ila ina tundu, na tundu lenyewe limepita kwenye ugonjwa wa mwanao. Kuna steroidi nyingine inaitwa deflazakoti, ilikuwa inauzwa nchi nyingine miaka mingi, wazazi wa Marekani wakiiagiza nje kwa dola elfu moja na kitu kwa mwaka. Mwaka 2017 kampuni moja ikaipitisha rasmi kule kama dawa yatima, ikatangaza bei ya dola 89,000 kwa mwaka! Kelele zilipigwa mpaka kampuni ikaiuza dawa hiyo kwa wengine. Sikubaliani na wanaosema bei zote hizo ni gharama za utafiti. Nyingine ni gharama za utafiti, nyingine ni kwa sababu mzazi hana pa kukimbilia.

Kitu kimoja cha kufanya wiki hii. Omba kipimo cha vinasaba, kisipofanyika hapa uliza sampuli inapelekwa wapi na kwa shilingi ngapi, na majibu yakija toa kopi tatu. Ukiambiwa tu "ni Duchenne" haitoshi, lazima ijulikane kipande gani cha kinasaba kimekatika, maana kuna dawa zinazofanya kazi kwa kipande fulani tu, ile ya kwanza ya 2016 inawahusu kama 13 kwa mia ya watoto hao, wengine hata wakipewa bure haiwasaidii. Halafu uliza kama kuna daftari la wagonjwa wa misuli unaloweza kumwandikisha. Majaribio ya magonjwa nadra yanafanyika kwa watoto 20, 30, 50, na wanaotafutwa ni wale ambao tayari wako kwenye daftari. Mtoto ambaye hajaandikwa popote, kwa mtafiti hajazaliwa.

SWALI: Dokta vipi. Hivi hao wanasayansi wanajuaje kemikali hii inatibu kitu fulani, au wanabahatisha tu? – Dereva boda, Ngaramtoni

JIBU: Poa mwanangu. Zamani walibahatisha sana, siku hizi wanabahatisha kwa mpangilio.

Unaujua ule mti wa maua mekundu yanayofanana kabisa na brashi ya kuoshea chupa, Arusha uko kwenye nyua nyingi. Asili yake Australia. Mwaka 1977 huko California mtafiti mmoja wa kampuni ya kemikali aliona chini ya mti huo magugu hayaoti. Wewe na mimi tungepita zetu. Yeye akachukua udongo, ikapatikana kemikali mti unayoitoa kuua majirani, kampuni ikaanza kuichezea kutengeneza viuagugu. Moja ya hizo kemikali walipowapa panya, macho ya panya yakaingia ukungu. Wakauliza kwa nini, wakakuta inaziba hatua moja mwilini ya kuvunja tairosini, ambayo ni kipande cha protini tunayokula kwenye maharage na nyama. Sasa kuna watoto wanazaliwa na ugonjwa nadra sana, tairosini ikivunjwa mwilini mwao inaishia kuwa sumu inayoua ini, wengi walikuwa wanakufa wadogo. Daktari wa Gothenburg, Sweden, akasikia habari ya kiuagugu akasema ngoja, kama inaziba juu, ile sumu ya chini haitatengenezwa. Mwaka 1992 majibu ya watoto watano wa kwanza yakachapishwa. Leo inaitwa nitisinoni, ndiyo dawa ya ugonjwa huo duniani, pamoja na mlo wenye protini kidogo. Kutoka kwenye magugu!

Nyingine ile wazee wanayoninong'oneza kaunta wakiangalia mlangoni. Sildenafil, ile Viagra, ilikuwa inatafutiwa kazi ya moyo, maumivu ya kifua, Uingereza, ikashindwa, ila wanaume waliokuwa kwenye majaribio wakataja jambo lingine ambalo halikuwa kwenye fomu. 1998 ikaingia sokoni. Wengi hamjui kwamba mwaka 2005 dawa ile ile ilipitishwa kwa ugonjwa nadra wa presha ya mishipa ya mapafu, na inaandikiwa hata watoto. Kuna mama alikuja kwangu na cheti cha mtoto wa miaka miwili kimeandikwa sildenafil, kijana wangu wa kaunta akacheka. Alienda kupanga maboksi stoo siku nzima.

Siku hizi wanaanza na ugonjwa wenyewe, wanatafuta protini gani imeharibika au imezidi, wanaitengeneza maabara, halafu roboti linaidondoshea kemikali laki kadhaa moja moja waone ipi inanata. Kompyuta nazo sasa zinasaidia kukisia. Zinazonata zinapunguzwa, zinajaribiwa kwenye seli, kwenye panya, wanaangalia inaua au haiui. Ndio zinakuja kwa watu, kwanza wachache kama 20 mpaka 100 kuangalia usalama na dozi, halafu mamia ya wagonjwa kuona dalili ya kufanya kazi, halafu wengi zaidi, mara nyingi maelfu, nusu wanapewa dawa nusu wanapewa dawa ya zamani au kidonge kisicho na kitu na hakuna anayejua nani kapewa nini. Kuanzia mwanzo mpaka iwekwe kwenye shelfu yangu ni miaka 10 mpaka 15. Boda yako itakuwa imeshauzwa skrepa.

SWALI: Mimi ni mzee wa Marangu, baba yangu na babu yangu walitibu watu homa na tumbo kwa mizizi, na mimi nachimba. Watu wanapona. Kwa nini Serikali na wazungu hawaji kuchukua dawa hizi wakaziweka kwenye vidonge? Wanadharau vya kwetu? Hata kikombe cha Babu mlikidharau.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Dharau ipo, siwezi kukudanganya, ila sio sababu kubwa.

Nikupe habari ya mama wa Kichina anaitwa Tu Youyou. Mwaka 1967 nchi yake ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Yeye na wenzake wakapitia mapishi ya tiba za asili zaidi ya 2,000, wakafika kwenye mmea unaoitwa shwaga, wengine wanauita artemisia, mara unafanya kazi mara haufanyi. Wakawa wanachemsha, kama unavyochemsha wewe. Akarudi kusoma kitabu cha tiba cha karne ya 4, akakuta mwandishi anasema loweka majani kwenye maji, kamua, kunywa. Hakusema chemsha! Akagundua moto ndio unaua dawa. Akabadilisha, akaitoa kwa etha ambayo inachemka kwa joto dogo, na ilikuwa sampuli namba 191, Oktoba 1971, panya wote wakapona. Mwaka uliofuata akainywa mwenyewe na wenzake kabla ya kumpa mgonjwa. Nobel akaipata 2015. Inayotokana na hiyo ndiyo iliyomo kwenye dawa ya mseto unayopewa zahanati ukiwa na malaria, na mmea wenyewe umeshalimwa hata huku kwetu kaskazini.

Angalia mzee, hawakudharau mizizi. Ila namba 191 maana yake kuna 190 zilizoandikwa kwamba zimeshindwa. Wewe wanaopona unawakumbuka kwa majina, wanakuletea mbege na jogoo. Ambao hawakupona hawakurudi, na wengine wangepona hata wangekunywa maji, maana homa nyingi zinaondoka zenyewe siku ya nne.

Kikombe nakikumbuka vizuri. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, shilingi 500 kikombe kimoja cha mti wa mugariga. Jirani yangu aliuza mbuzi wawili kupata nauli, kikombe mia tano nauli mbuzi wawili. Marehemu Babu sina neno baya juu yake, angetaka elfu hamsini angepewa. Kilichonisumbua ni kitu kingine, watu wote wale walipita pale na sikuona daftari. Nani alikuja na sukari ngapi, alipimwa wapi, akarudi kupimwa baada ya miezi sita ikawa ngapi. Kama kulikuwa na dawa ndani ya kikombe tuliipoteza kwa kutoandika, kama haikuwepo tuliwapoteza walioacha dawa zao za virusi na kisukari wakijua wamepona.

Kwa hiyo anza wewe. Nunua kaunta buku, andika tarehe, ugonjwa, kiasi cha mzizi, na mpigie mtu baada ya wiki mbili umwulize, hata aliyekasirika. Jisajili Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wana kitengo cha tiba asili, kabla ya kuonyesha mizizi yako uliza kwa maandishi haki yako ya ugunduzi inalindwaje. Usimpe mtu jina la mti barabarani. Na mzee wangu, akiletwa mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza, hapo nakuomba kama mwanao.

SWALI: Kama dawa inachukua miaka 10, chanjo ya Korona ilikuwaje ikatoka ndani ya mwaka mmoja? Si waliruka hatua? – Mwanafunzi wa kidato cha tano, Arusha

JIBU: Swali zuri na umeliuliza kwa adabu kuliko wajomba wengi mitandaoni. Ramani ya vinasaba vya kirusi ilitangazwa Januari 2020, Uingereza ikaidhinisha chanjo ya Pfizer na BioNTech tarehe 2 Desemba 2020. Ila mbinu yenyewe, inaitwa mRNA, watafiti Katalin Karikó na Drew Weissman walishaifungulia mlango mwaka 2005, wakasubiri Nobel mpaka 2023. Watu kama 44,000 waliingia kwenye jaribio hilo, ni wengi kuliko dawa nyingi zinavyopata. Kilichobanwa ni foleni. Kawaida ukimaliza hatua moja unatafuta hela, unasubiri vibali, ndio unaanza nyingine, safari hii hatua zilipandana na viwanda vilijengwa kabla majibu hayajatoka, ingeshindwa hela zingeungua. Na ugonjwa ulikuwa kila mahali, miezi michache unaona nani ameugua nani hajaugua. Sasa linganisha na mtoto wa Pasua hapo juu, msuli unakufa taratibu, mtafiti anampima kwa saa ya mkononi anachukua sekunde ngapi kuinuka sakafuni, anarudia baada ya mwaka, na watoto wenyewe ni 40. Huwezi kuharakisha mwaka.

SWALI: Nimefuatwa na watu wanataka niingie kwenye utafiti wa dawa mpya, wananipa na nauli. Mume wangu anasema tunafanywa panya. – Sakina, Arusha

JIBU: Mumeo anaogopa kitu chenye historia, usimcheke. Thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani 1957 kama dawa ya usingizi, wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu, haikuwa imejaribiwa vizuri, mpaka inaondolewa 1961 watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na mikono na miguu mifupi. Marekani wengi waliepuka kwa sababu ya mwanamke mmoja wa ofisi ya dawa, Frances Kelsey, alikataa kusaini akitaka ushahidi zaidi huku kampuni ikimsukuma. Hapo utaona aliyefanywa panya ni yule aliyeuziwa bila majaribio. (Dawa hiyo hiyo baadae ilirudi kutibu madonda ya ukoma na saratani ya uboho, kwa masharti makali ya mimba. Dawa hazina ukoo mbaya, zina matumizi mabaya.)

Na faida iko hapa nyumbani. Nenda Kibong'oto kule Siha, hospitali ya TB tangu 1926. Zamani TB ilitibiwa mwaka mzima na zaidi, ni majaribio ya Afrika Mashariki tukishirikiana na Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970 yaliyoonyesha kwamba ukiongeza rifampisini miezi 6 inatosha. Bibi na babu zetu walikubali kuhesabiwa, leo sehemu kubwa ya dunia inameza miezi sita.

Kabla hujasaini waombe namba ya kibali cha maadili cha NIMR na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, fomu iwe ya Kiswahili na uende nayo nyumbani ukalale nayo, ukiumia nani analipa, na ukitoka katikati utanyimwa huduma au la (hawaruhusiwi kukunyima). Nauli na chakula ni haki yako. Wakikupa hela nyingi mpaka ukashangaa, kaa mbali. Na ukiingia usiwadanganye, ukiruka dozi sema umeruka.

SWALI: Mdogo wangu ana ualbino. Ualbino nao ni ugonjwa nadra? Na ile losheni ya KCMC ni ya kweli? – Himo

JIBU: Ulaya na Marekani ni nadra, mtu mmoja kati ya 17,000 mpaka 20,000. Tanzania inakadiriwa mmoja kati ya 1,400. Selimundu vile vile, kwao inahesabika nadra na kwa hiyo dawa zake zinapata zile nafuu za dawa yatima, kwetu wanazaliwa watoto kama 11,000 kila mwaka, wala usiniambie ni nadra. Dawa yake kuu ya vidonge, haidroksiyurea, ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869 ikakaa karne nzima bila kazi, ikaja kutumika kwenye saratani, na 1998 ndio ikapitishwa Marekani kwa selimundu.

Losheni ni ya kweli. Inaitwa Kilisun, inatengenezwa hapa Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, na imetengenezwa kwa ngozi ya mtu mwenye ualbino kwenye jua la kwetu, sio ya watalii wa ufukweni. Apake asubuhi kabla hajatoka, arudie mchana, na asisahau masikio na shingo ya nyuma, hapo ndipo vidonda vingi vinaanzia na ndipo watu hawapaki. Kofia ya ukingo mpana, ile kepi ya shule haifuniki masikio, nenda kaongee na mwalimu mkuu.